Nikitafuta Sifuri

Greda limelala Kangagani siku ya nne,
pua limeelekeza Wete, kisu kimekita kwenye kifusi,
na kila apitaye ana jina la ugonjwa.

Betri, kasema mwenye duka la mafuta ya taa.
Stata, kasema Shaame, dereva wake,
anayelijua kwa mgongo, mtetemo kwa mtetemo.
Msimamizi hakusema kitu, alipiga simu Unguja:
stata mpya ikaja na boti, imeviringwa gazeti kama samaki,
ikakazwa bolti tatu, ufunguo ukazungushwa.
Tak.
Tak moja, kavu, kama ulimi wa mtu aliyekataa posa.

Hapo ndipo nilipoitwa.

Nimekuja na mita, taa ya kujaribia,
na Bikombo, mwanafunzi wangu wa miezi mitano,
ambaye bado anaamini kuwa waya mwekundu ni mwekundu.
"Anza na macho," namwambia. "Mita itasubiri."
Tukazifuata nyaya kwa vidole,
chini ya ngazi, nyuma ya tangi,
hadi pale panya walipoonja plastiki wakaisusa.
Fyuzi tukazitoa moja moja kama kete za bao.
Zote nzima.

Betri: ishirini na tano nukta mbili.
"Basi nzima," akasema Bikombo.
Nzima zikiwa zimelala.
Mtu yeyote ni mzima akilala.
Mtwike mzigo ndipo umpime.

"Shaame, zungusha!" Tak.
Penye betri, ishirini na nne.
Penye stata, kumi na tatu.
Kumi na moja zimekwenda wapi?
Yakhe, volti haiibwi na shetani.
Ikipotea, imo njiani, imekaa mahali inapasha kitu moto.

Upande mwekundu: robo volti. Safi.
Ikabaki njia ya kurudi.
Wote huuliza umeme unatoka wapi,
hakuna anayeuliza unarudi vipi.
Nina ndugu yangu Maskati, mwaka wa tisa huu.
Mama haulizi alikwendaje.

Ncha moja penye betri, ncha moja penye mwili wa greda.
Hapa jibu zuri ni sifuri.
Kazi yangu, mara nyingi, ni kutafuta pasipo na kitu
nikahakikisha kweli hapana.
"Zungusha!"
Kumi na moja.

Bikombo akaingia chini, tochi mdomoni.
Kimya. Halafu: "Fundi, hapa pazuri mno."

Pazuri mno. Bolti ya waya wa ardhi
imekazwa juu ya rangi, manjano inayong'aa, ya juzi.
Shaame akacheka kabla yetu.
Alhamisi iliyopita mgeni rasmi alikuja kukata utepe
wa kilomita mbili zilizokuwa tayari,
ikaamriwa mitambo ifunguliwe, ipakwe, ionekane mipya.
Ikaonekana mipya.
Greda likawaka siku ile, sijui kwa heshima au kwa hofu,
likapigwa picha, kisha likakata kauli.

Kwa kisu cha Bikombo cha kumenyea machungwa
nikakwangua mpaka chuma kikatoa uso wake,
kijivu, kisicho na adabu ya sherehe.
Msasa. Bolti. Grisi juu yake,
maana hewa yetu ina chumvi na haina subira.
Vifaa vilivyotumika: hakuna.
Stata ya zamani, nzima kabisa,
imelala ndani ya gazeti la mwenzake.

"Zungusha."
Likakohoa moshi mweusi kuelekea majamvi ya karafuu,
mwanamke mmoja akatutukania ukoo akiyakokota,
na mita ikasoma sifuri nukta sifuri tano.
Sifuri kamili sijaiona tangu nianze kazi hii.

Bikombo akafungua daftari. Sababu aandike nini?
"Andika rangi," nikasema.
"Andika hitilafu ya umeme," akasema msimamizi,
akitazama pembeni.
Kalamu ikasimama hewani, greda likinguruma.
Kisha akaandika neno moja,
la herufi tano.