Yatokanayo

Miaka kumi na mmoja niliandika mihtasari ya tawi,
kaunta buku, kalamu ya Biki,
katika chumba nyuma ya stoo ya mataruma, Mwanza Kusini.
Ukifungua dirisha unaona mabehewa yakisukumwa melini
moja moja, yakisita, kama ng'ombe mlangoni pa josho.

Waliohudhuria: ishirini na saba.
Walioomba udhuru: Lusangija, homa.
Ndalahwa, yuko zamu.
Hivyo ndivyo alivyoingia kitabuni mara ya kwanza:
kwa kutokuwepo.

Alikuwa mgeuza njia. Mkono wa kulia mnene kuliko wa kushoto
kwa kuvuta wenzo usiku na mchana,
na sauti aliyoizoesha kushindana na injini.
Mwaka uliofuata tukampa kiti.
Akisema "ndugu zangu", hata sisimizi kwenye sukari walisimama.
Mimi niliandika: Mwenyekiti alifafanua.
Muhtasari hauna mahali pa kuweka sauti.

Kisha ule mgomo wa viatu.
Genge la njia lilitembea Fela mpaka Mantare
juu ya kokoto, kwa makatambuga.
Yatokanayo: barua kwa Idara.
Idara imejibu kwa mistari miwili kwamba viatu vimeagizwa.
Vimeagizwa. Mwaka wa tatu.

Siku thelathini na nne reli ilinyamaza.
Kutu ikapaka chuma hina.
Marobota ya pamba yalilala Bukwimba,
watoto wa Igogo wakacheza kombolela chini ya mabehewa,
na sisi tulikula dagaa na ugali wa muhogo,
kisha ugali, kisha harufu ya dagaa.
Viatu vilikuja.
Vyote saizi nane.

Kutoka hapo Ndalahwa hakushuka kituo chochote:
katibu wa mkoa, pikapu yenye spika,
ubunge, naibu wa waziri fulani,
suti ya kijivu inayombana kwapa la kulia.
Majukwaani, Nyegezi mpaka Kirumba, alisema:
"Nilisimama wa kwanza. Nikawaambia, hatuvai ahadi!"
Vigelegele. Nami nilipiga.
Ni sentensi nzuri.
Ni ya Nchambi.

Ukurasa wa hamsini na tatu, mwandiko wangu:
Hoja ya kugoma ililetwa na Nchambi, mpaka grisi,
aliyesema, hatuvai ahadi.
Mwenyekiti alishauri isubiriwe barua nyingine.
Nchambi alifukuzwa wiki ileile viatu vilipofika.
Akauza kamba Mabatini hadi kifua kilipomkataa.
Hakuwahi kunidai ukurasa wake.

Walipopunguza wafanyakazi, orodha ililetwa
na sahihi ya naibu waziri chini, imelalia kulia.
Niliijua kabla sijaisoma.
Namba mia na sita nilikuwa mimi.
Hilo hakukuwa na kikao cha kuliandika.

Jumanne iliyopita alibisha hodi kwangu Bwiru,
ana fimbo, hana dereva.
Kura zilimwacha zamani. Anaandika maisha yake, akasema;
anatafuta tarehe tu.
Nikamtolea kitabu kutoka chini ya kitanda.
Alikisogeza mbali, akakisogeza karibu,
ukurasa wa hamsini na tatu akausoma mara mbili.
Nje jirani alikuwa anapara samaki,
magamba yanaruka hadi kizingitini.

Chini ya ukurasa ule kuna nukta:
Mwenyekiti.............. Tarehe..............
Hazikujazwa. Wakati wa mgomo tulikutana njiani, bila kitabu;
mgomo ulipokwisha, yeye alikuwa juu ya pikapu,
na mwenyekiti mpya hakutaka kuthibitisha
maneno ambayo hakuyasikia.

Akauliza kama bado nina kalamu.
Sikumuuliza, ya kutia sahihi
au ya kukata mstari.
Nilimpa. Nikaenda jikoni kumgeuza sato,
na mafuta yalikuwa yanalia sana,
sana,
hata sikusikia karatasi.