Vipande vya Moyra

Babu yangu Owuondo aligonga ribiti
bandarini Kisumu, kwenye meli iliyokuja vipande
kutoka Uskoti, kila bamba na namba yake ya chaki.
Alikuwa akisema: kule nako yupo mtu
aliyeiunga, akaifungua tena, akaituma.
Simjui sura, ila pigo la nyundo yake nalijua.

Mimi nilirithi vipande vya namna nyingine.
Kibanda Kibuye, futi nne kwa sita,
rekoda mbili zimefungwa waya kifua kwa kifua,
moja inaimba, moja inasikiliza.
Nakala shilingi ishirini.
Ukija na kaseti yako, kumi na mbili.

Moyra Kinloch nilimpata mwaka wa themanini na saba
kwa muuguzi wa misheni aliyekuwa akirudi kwao
akauza kila kitu: pasi, mwavuli, buti za mvua, Moyra.
Jaladani nywele zimesimama kiota cha mwewe,
jaketi la ngozi,
uso wa mtu aliyekatizwa akila.

Sauti ilikuwa na kutu.
Magita yalifoka, ngoma ikachapwa
kwa hasira ya fundi asiyelipwa,
na katikati ya vurugu hiyo kiitikio, mara nne:
bi dala, bi dala.

Naapa. Soko zima liliapa.
Mama Nyangweso akaweka kopo la omena chini:
"Huyu naye Kijaluo kafundishwa na nani?"
Njoo nyumbani, anasema. Njoo nyumbani.
Wakasema alizaliwa Maseno.
Wakasema alilelewa na yaya wa Yala.
Niliuza nakala mia tatu na arobaini
na kila mnunuzi nikamwongezea hadithi bure.

Kaka yangu Oduma alikuwa Nakuru, mwaka wa sita,
kiwanda cha betri, bila barua,
tangu agombane na baba juu ya ng'ombe
ambaye baadaye alijifia tu.
Nakala yangu moja ikamfuata, sijui kwa mkono wa nani.
Akaisikia kwenye baa ya Bondeni, Jumamosi, mshahara mfukoni.
Jumatatu akashuka kwenye treni
na godoro lililokunjwa na katoni ya betri.
Baba hakusema kitu.
Alifungua mgongo wa redio yake,
akatia betri nne, moja moja,
akihakikisha alama ya kujumlisha imeelekea panapofaa.

Juzi binti yangu Adhis akamtafuta Moyra kwenye simu.
Kazaliwa Greenock. Baba yake alichomelea meli
hadi karakana ilipofungwa.
Akaimba kwenye baa za wachomeleaji kwa bia na nauli.
Wimbo mmoja ukapanda hadi nafasi ya nne,
ukakaa wiki mbili, ukashuka.
Albamu ya pili ikabaki ghalani.
Meneja akahama na hundi.
Halafu uvimbe kooni, kisu,
na miaka ishirini ya kuendesha duka la kufua nguo
akiwaandikia wateja kwenye karatasi: Alhamisi, saa tisa.
Alikufa Februari. Kanisani walikuwa watu thelathini.

Maisha mazima, Adhis aliyasoma chai ikiwa bado moto.

Na kiitikio?
Akanisomea taratibu, kama daktari anayetoa majibu.
Nyumbani hakumo. Hakujawahi kuwamo.
Ni mwanamke anamdai mwanamume kodi ya chumba.

Nikachukua kalenda ya chama cha akiba,
nikageuza nyuma, nikapiga hesabu:
mia tatu na arobaini mara ishirini,
toa za kumi na mbili, ambazo sizikumbuki idadi.
Yeye hakupata hata ndururu.
Alikuwa akidai, Moyra, wimbo mzima alikuwa akidai,
na mimi nauza.

Oduma sijamwambia.
Yuko uani anafungua pampu ya maji,
boliti zimepangwa juu ya gazeti,
na anaimba, kichwa ndani ya bomba,
makosa yetu yote, neno kwa neno.