Kumi na Moja Kulia

Wiki moja kabla ya msimu wa kulungu
Oddvar alinipeleka kwenye machimbo ya kokoto,
pale Norwe inapochoka kuwa bonde na kubaki mawe.
Akaegemeza ubao kwenye tuta, akabandika karatasi,
akarudi akihesabu hatua kwa sauti hadi mia,
ingawa kipimo kilikuwa mfukoni mwake.

Bunduki ya baba. Kitako kimeng'aa
pale shavu lake lilipokaa miaka thelathini.
Nililala kifudifudi, gunia la mchanga chini ya mtutu,
ndani ya koti ambalo nalo nimelirithi.

"Usivute. Kamua,
kama unayemkamua mbuzi mwenye kidonda."
Nikatoa nusu ya pumzi, nusu nikaiweka.
Ndani ya darubini msalaba mwembamba
ulitua juu ya doa jeusi, ukatulia kama nzi.
Risasi tatu. Maganda matatu ya shaba
yakafuka moshi kwenye umande.

Tukaenda kutazama.
Matundu matatu yamebanana, sarafu moja ingeyafunika,
lakini kushoto: sentimita kumi na moja.
Na chini: nne.
Nikasema, nimekosa.
"Anayekosa hupiga huku na huku," Oddvar akasema.
"Wewe umepiga palepale mara tatu.
Ila ni palepale pa mtu mwingine."

Ndipo nilipoelewa.
Mtoto wa jicho alipomwingia baba,
alianza kulaza kichwa, kulivuta bega,
na hakumwambia mtu.
Alizungusha kifundo tu, msimu kwa msimu,
mpaka kosa lake likawa ndipo.
Na nyumbani vilevile: taa ilihamishwa,
mama alijifunza kutembea kushoto kwake,
sote tukasogea kidogo kidogo
na hakuna aliyeuliza tunasogea kwenda wapi.

Nikafungua kifuniko cha darubini kwa sarafu.
Tik. Kila mlio, sentimita moja.
Tik. Tik.
Kwenye wa saba nikasimama,
maana nilihisi namtoa mtu kwenye kiti chake
angali amekikalia.
Oddvar alikuwa anaichunguza sana chupa yake ya kahawa.
Kukosa, narekebisha.
Kumkosa yeye hakuna kifundo chake.
Nane. Tisa. Kumi. Kumi na moja kulia.
Nne juu.

Risasi tatu nyingine: ndipo, ndipo, ndipo.

Alasiri tukarudi nyuma hadi mia tatu.
"Hata iliyonyooka huanguka," akasema.
Huko risasi imeshashuka shubiri na nusu;
asiyelijua hilo hulenga moyo akavunja mguu,
na mnyama hufa siku tatu, peke yake, mawenyeni.
Kwa hiyo nikajifunza kulenga juu ya ninachokitaka.

Kwenye utepe uliobandikwa kitakoni
kuna sifuri ya baba, ya penseli, na tarehe.
Chini yake nikaandika: 11 kulia, 4 juu,
ili anayetaka kurudi ajue njia.

Nilipobandua karatasi nikachana kona ya kushoto,
yale matundu matatu ya kwanza, nikayatia mfukoni.
Oddvar aliona.
Akamwaga masalia ya kahawa kwenye kokoto,
akasema gari lake lina tatizo la klachi,
tuondoke kabla ya giza.