Namba Ishirini

Julai, Uyole. Baridi imeshika mabati.
Subilaga anabonyeza namba ishirini,
mojamoja, kwa kidole kilichopasuka kwa viazi.
Elfu tano imeingia imenona,
uniti zimetoka zimekonda:
kodi ya jengo imekula kwanza,
kabla ya taa, kabla ya chai.

Jengo!
Vyumba vitatu, korido haina plasta.
Tofali alichoma Ambokile mwenyewe
kule bondeni, miaka minne,
hadi moshi ukahamia kifuani,
akaondoka kabla ya dari.

Kijana wa bima alikuja Jumanne
akirukaruka tope na karatasi ya bei mpya.
"Mama, upepo ukibeba paa, je?"
Akamwonyesha mawe juu ya bati, kumi na moja:
"Hii haijapanda tangu tuezeke."
Kijana akacheka kidogo. Naye kapanga.

Usiku mpangaji anagonga ukuta:
"Mama, umeme umeisha, na leo tarehe tatu!"
Anapapasa simu chini ya mto.
Hati iko chini ya godoro, jina lake, muhuri;
anaiatamia kama kuku,
na kila asubuhi linaanguliwa deni.