Zamu ya Jikoni, Isongole

Saa kumi na moja kasoro kengele inalia,
ukungu wa Rungwe umeshaingia bila hodi.
Wageni wanakwenda ukumbini kukaa kimya,
mimi nakwenda jikoni kukoka moto.
Ndiyo makubaliano: chumba, mablanketi mawili,
sahani ya chakula, jioni somo la mafundisho ya Budha,
na mimi natoa mikono.

Mama alipiga simu: "Wanakulipa ngapi?"
Hawanilipi.
Akanyamaza, salio likawa linaliwa bure.
"Basi wakupe hata viazi."

Viazi tunavyo. Namenya ndoo tatu kila asubuhi,
maji yanauma vidole kama siafu,
na Tupokigwe, mpishi, hachoki kunisahihisha:
"Ganda liwe jembamba. Hilo unalotupa ni jasho la mtu."
Hajui kidole chake kimegusa wapi.

Miaka sita nilikuwa karani wa mizani, Uyole.
Lumbesa ilipanda juu ya gunia kama kichuguu,
nami nikaandika: gunia moja.
Kalamu haikutetemeka.

Siku moja mtawa Sumana, mwenye Kiswahili cha kuokoteza,
alisimama mlangoni akanitazama nikimenya,
muda mrefu, kama mtu mwenye neno zito.
Nikaweka kisu chini, nikangoja.
Akaomba chumvi.

Juzi mvua ikanyesha usiku kucha,
asubuhi lori la viazi likakwama mbele ya lango.
Dereva akapiga honi hadi ndege wakahama mianzi.
Wakatoka watu kumi na wanne, siku ya tano ya ukimya,
wakaegemeza mabega kwenye bodi, hakuna salamu.
"Jamani, hawa ni mabubu?"
Na lori halisukumwi bila sauti.
Mimi tu, mtu wa jikoni, nina ruhusa ya kusema.
"Haya! Moja, mbili —"
tope likaturukia usoni,
Sumana naye, joho la rangi ya kutu amelifunga kiunoni,
ndala moja imemezwa.
"Moja, mbili —"
Mara ya nne likatoka, likinguruma.

Dereva hakuondoka. Akashuka, akanisogelea.
"Sauti hii naijua.
Wewe si yule karani wa Uyole?"

Kumi na wanne wakanitazama.
Hakuna aliyeuliza kitu; hakuna aliyeruhusiwa.
Ningesema hapana. Ukungu ulitosha.

"Ndiye," nikasema.

Akatema mate pembeni, si kwangu hasa,
akapanda nyuma ya lori,
akashusha shukrani yake kwa waliosukuma:
lumbesa, imeshonwa kwa kamba ya katani,
kilemba chake kimezidi gunia lenyewe kwa urefu wa mkono.

Tuliibeba watu wanne hadi stoo.
Tupokigwe alikuwa amefungua daftari, kalamu ameiloweka ulimini.
"Gunia moja?"

"Hapana," nikamwambia.
"Andika moja na nusu."