Ndipo Punda Akaketi

Kitabu hakikuwa na jalada, wala kurasa thelathini za mwanzo.
Nilikiokota chini ya dawati lililopondeka, shuleni kwetu,
mjini Gyumri, Desemba ya tetemeko,
nikakitia kwenye ndoo pamoja na vijiko viwili
na kufuli lisilokuwa tena na mlango.
Sikukisoma. Nani asome, siku zile?

Miaka minne baadaye bado tunaishi kontenani,
mimi na Haykanush, mama wa mume wangu asiyepatikana.
Umeme saa moja kwa siku, nayo haisemi itakuja lini.
Mkate wa mgao. Ukutani, kwa ndani, barafu inaota manyoya.
Jiko linakula chochote: soli za viatu, miguu ya viti,
daftari za watoto ambao hawatazidai.

Usiku huo ilikuwa zamu ya kitabu.
"Ni nini hicho?" akauliza. Mtoto wa jicho alimziba macho yote mawili,
ila masikio yake yangesikia panya akiwaza.
"Karatasi."
"Zinasema nini?"

Nikafungua, katikati ya sentensi:
*ndipo punda akaketi.*

Basi, tukaingia kwa mlango huo.
Padri wa kijiji, jina hatukulijua,
anapandisha mlimani punda aliyebeba kengele ya kanisa,
na punda ameketi mbele ya duka la mvinyo, haendi.
Padri anamwombea. Anampaka mafuta matakatifu masikioni.
Anamhubiria juu ya subira, hoja zote saba,
na kufikia ya tano wapita njia watatu wametubu, punda amesinzia.
Mwisho anapiga magoti matopeni:
"Bwana, nipe subira, lakini nipe kabla ya saa sita,
kengele inangojwa mazikoni,
na marehemu, unamjua, ni mwepesi wa hasira."

Haykanush akatoa sauti. Nilidhani ni kifua.
Ilianzia chini tumboni, ikapanda kama ndoo kisimani,
ikigonga kuta, ikimwagika njiani.
"Marehemu!" akasema. "Mwepesi wa hasira!"
Akacheka, akalia, akafanya ishara ya msalaba,
yote kwa pumzi moja,
hata leo sijui kicheko kiliishia wapi na sala ikaanzia wapi.

Jirani akagonga bati. Tukanyamaza kwa aibu.
Kumbe alitaka tu kujua kinachochekesha.
Kesho yake Sirvard akaja na kigogo kimoja, kiingilio chake,
na mwanawe mgonjwa mgongoni.
Mkrtich fundi saa akaleta nusu ya mshumaa.
Tulisoma kurasa nne kila usiku, hatukuzidisha, kama dozi.

Sisemi tulishiba. Sisemi mtoto alipona.
Siku ya kumzika ardhi ilikuwa chuma,
sepetu zilikwaruza tu, wanaume wakasimama wakihema,
na katika kimya kile Sirvard, mama mtu, akasema polepole:
"Ndipo punda akaketi."
Tukainamisha vichwa sote, kama mbele ya andiko.
Mkrtich akavua kofia. Kisha akashika sepetu tena.

Heri kufa macho kuliko kufa moyo:
Haykanush alikufa macho tu, miaka kumi na moja,
kabla hayo mengine hayajamfuata.

Mwaka jana, Yerevan, kwenye meza ya vitabu vikuukuu,
nikakutana nacho kizima, jalada la kijani.
Nikazisoma zile thelathini nimesimama, miwani ikiniteleza.
Punda hakuwa wake!
Alimtoa usiku kwenye zizi la mjane mmoja,
akaacha kijikaratasi: *Nitamrudisha Jumatatu,*
bila kusema Jumatatu ipi.
Subira ile yote, mafuta yale, hoja zote saba,
kwa mnyama wa wizi.

Ndoo ikapanda. Kuta zikagongwa.
"Haykanush," nikapaza sauti sokoni, "mtakatifu wetu ni mwizi!"
Watu wakageuka.
Muuzaji akanitazama kitambo,
akanipunguzia bei.