Tutakusika

Ujumbe wa kwanza uliingia saa nane usiku,
mvua ya Tukuyu ikipiga bati kama kawaida yake,
isijali kuna mtu anayetaka kusikiliza hatua za nje.
Mwalimu , achana na hesabu za bomba . Tutakusika .
Nilisoma mara tatu.
Mara ya tatu ndipo nilipoelewa kuwa ni kuzika.

Nilikuwa nimeuliza swali moja tu
kwenye kundi la simu la kitongoji:
zile fedha za mabomba, risiti zake ziko wapi?
Watu mia mbili na kumi waliliona.
Mmoja aliweka kidole gumba, kisha akakiondoa.

Siku ya nne ikaja picha.
Mlango wa jiko langu. Ndoo ya bluu.
Kandambili za mjukuu wangu Lusekelo, ya kushoto imepinduka.
Ile kandambili niliigeuza mwenyewe Jumanne jioni.
Basi aliyepiga picha alisimama pale, kwenye migomba,
mimi ndani nakaanga dagaa, naimba.

Jirani akasema, futa.
Mchungaji akasema, samehe.
Kaka yangu akapiga kutoka Chunya: badilisha laini.
Kila mmoja alinionyesha mlango wa kutokea.
Hakuna aliyeuliza yule ataingilia upi.

Asajile wa duka la fotokopi alichapa kurasa kumi na moja.
Ya tatu aliitazama, akainamisha macho,
akazipanga zote kifudifudi
kama anayefunika maiti watoto wasione.

Kituoni, meza ina mguu mmoja wa tofali.
Koplo Ghati, mtu wa Tarime,
baridi ya Rungwe imempasua midomo.
"Soma," akasema. "Kwa sauti, niandike."
Nikasoma. Penye tusi nikakohoa.
"Hapana, mama. Tusi nalo ni ushahidi. Lisome lilivyo."
Miaka thelathini na moja nimesimama mbele ya watoto
na neno lile halijawahi kupita kinywani mwangu.
Likapita. Likaandikwa kwa kalamu ya bluu,
likawa dogo, likakaa kwenye mstari wake.

Tukafika kwenye tutakusika.
Akainua kalamu. "Ni kuzika?"
"Ni kuzika. Lakini andika kwa s, kama alivyoandika."

Kisha fomu ikauliza: anayeshukiwa.
Mbele yake vidoti, mstari mzima wa vidoti.

Darasa la tatu, dawati la dirishani,
mtoto mmoja aliandika msigo, akaandika sawadi.
Hilo si kosa la mtu mmoja, kwetu ulimi huteleza hapo,
hata wangu nikikasirika.
Ila huyu nilimwambia, acha nafasi ya kidole baada ya neno,
naye akatii kupita kiasi:
akawa anaacha kidole hata kabla ya nukta.
Nilizungushia kwa wino mwekundu mwaka mzima.
Hakuacha.

"Kuna unayemdhania?"
"Yupo. Nilimfundisha kuandika."
Ghati alinyamaza. Nje, mtu alikuwa anafagia maji barazani.
"Mama, hapa hatuandiki hukumu. Tunaandika unachokijua."

Nikataja jina.
Mama yake na mimi tunakaa benchi moja kanisani.

Simu ikabaki kwao, ndani ya bahasha ya kaki.
Nikapewa namba ya RB kwenye kikaratasi
chenye upana wa tiketi ya basi.
Mvua ilikuwa imekatika, ukungu umeshuka hadi kwenye mifereji,
barabara nzima naiona hatua tano tu.

Nyuma yangu, miguu.
Inakimbia.
Nikakimbia nami, miaka hamsini na nane na viatu vya ibada,
nikashika uzio wa watu.

"Mwalimu!"
Ni Asajile, anahema, mkono ameunyoosha.
"Umesahau chenji yako. Mia tano."

Nilitaka kuipokea.
Vidole vilikataa kufunguka,
vimekishikilia kile kikaratasi, kimelowa,
tarakimu za bluu zimeanza kunihamia kiganjani.